Mlango wa Mkwe

Msanifu hakuwahi kuingia jengo lolote kwa mlango wa mbele. Hata ukimfungulia milango yote miwili na kusimama pale na tabasamu lako, angekusalimia, angepita pembeni na kuzunguka jengo zima, kisha ungemsikia akisukuma mlango wa jikoni. Alisema mbele ya jengo ni maneno ya mwenye jengo, na nyuma ndiko wanakoishi watu. Siku ya kwanza alipokuja chuoni kwetu, kamati nzima ilikuwa imejipanga ukumbini, tai shingoni. Yeye akatokea nyuma yetu, upande wa jiko, masizi yamemganda kwenye mkono wa koti.

"Mpishi wenu anafanya kazi ameupa ukuta uso," alisema. "Ana ugomvi na nani?"

Sisi tulikuwa tumemwita atuchoree madarasa.

Nilimjua kwa miaka mingi kwa sababu nilikuwa katibu wa kamati ya majengo. Nilifundisha hesabu, na kazi ya ukatibu nilipewa kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri na sikuwa na mdomo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa ya biashara, mitumba imejaa soko la Majengo, kila mwenye gari bovu amelifanya basi, na chuo chetu, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa kikifundisha maofisa wa wilaya, kiliambiwa kipanuke kiwe chuo kikuu. Kilikuwa nje kidogo ya mji wa Dodoma, kwenye mwinuko wenye upepo na vumbi. Nyuma yake kulikuwa na kijiji cha wakulima na wafugaji waliokuwapo pale kabla yetu. Wafadhili walikuwa wametoa sharti moja tu: majengo mapya yawakutanishe wasomi na wananchi. Maneno hayo tulikuwa tukiyasoma kwa sauti kila kikao, na kila kikao hakuna aliyejua maana yake.

Msanifu alikuwa mwanamke mwembamba, mtu wa mjini Dodoma hasa, mtandio kichwani na penseli imechomekwa ndani ya mtandio, juu ya sikio. Juu ya gauni alivaa koti la kiume la mtumba lenye mifuko mikubwa. Mfuko wa kulia ulikuwa wa futi kamba, wa kushoto wa karanga. Karanga zile alizitafuna kutwa nzima na hakumkaribisha mtu. Nimesimama naye juani, nimepanda naye ngazi za mafundi, nimekaa naye garini kutoka Bahi hadi mjini tukitokea kutazama mawe, na sikuwahi kuonja hata punje moja. Mafundi walimwita Mama Msanifu mbele yake. Akishawapa kisogo walimwita Mkono wa Birika.

Hapo ndipo pa kuanza kumshangaa. Mtu huyu, ambaye kazi yake yote ilikuwa kuwakutanisha watu, alikuwa hawapendi watu. Alikula peke yake ndani ya pikapu yake, vioo amepandisha. Kwenye sherehe alikaa karibu na mlango na kuondoka kabla ya hotuba. Nyumba yake ya Area D ilikuwa na ukuta mrefu kuliko wa majirani wote, na juu ya ukuta alikuwa amepanga vipande vya chupa, vya kijani na vya kahawia. Mimi nilikuwa napeleka ramani pale. Nilikuwa nagonga geti la chuma kwa jiwe, nangoja juani mpaka mbwa wachoke kubweka, kisha kidirisha kinafunguliwa, mkono unatoka, unachukua ramani, na sauti inasema, "Asante, mwalimu." Ndani sikuwahi kukanyaga.

Tulipomfahamu zaidi tuligundua kwamba alituchorea ofisi bila mahali pa kuchemshia maji. Kila ofisi ilikuwa na soketi moja tu, nayo ameificha nyuma ya kabati, kabati lenyewe limejengewa ukutani. Chai kwa chuo kizima ilikuwa chumba kimoja, katikati ya ua, chini ya paa lililo wazi pande tatu. Wahadhiri walikasirika vibaya sana. Yule wa uhasibu alisema yeye hawezi kunywa chai mbele ya wanafunzi kama dereva wa lori. Msanifu alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Umekuwa hapa muda gani?" akamuuliza.

"Miaka mingi, mama."

"Na bwana udongo, ambaye ofisi yake imepakana na yako, anashughulika na nini siku hizi?"

Mhasibu akamtazama bwana udongo, yaani mhadhiri wa sayansi ya udongo, naye akatazama dari.

"Basi mtaulizana kwenye chai," akasema Msanifu, na mambo ya soketi yakaishia hapo. Ni kweli kwamba wengine walinunua waya mrefu na kutoboa kabati. Ni kweli pia kwamba yule mhasibu na bwana udongo walianza kubishana juu ya ghala za karanga za kule Mlali, na ubishi wao ukazaa somo jipya ambalo linafundishwa hadi leo. Msanifu hakuwahi kujisifia jambo hilo. Nilipomwambia, alisema chai ilikuwa na sukari nyingi.

Alikuwa na maneno yake ambayo aliyarudia bila aibu. "Ngazi nyembamba hufundisha watu kuombana radhi, ngazi pana hufundisha watu kusimama." "Benchi lisilo na kivuli ni mapambo." Akiona mlango ambao haufunguki sawasawa alikuwa akiupiga kofi. Alichukia vibao vya majina. Alichukia zaidi maua ya kwenye mikebe. Wanafunzi alikuwa akiwaita "wageni", hata wale wa mwaka wa mwisho, na walimu alituita "wenye nyumba", na kwa sauti yake hilo halikuwa neno la heshima.

Lakini jambo ambalo mimi humkumbukia ni kosa lake, na jinsi alivyolirekebisha.

Chuo kilikuwa kinasaga unga wake wenyewe kwa ajili ya bwalo. Msanifu akaihamisha mashine ya kusaga, akaipeleka upande wa kijiji, akasema nayo itasagia wanakijiji. Kati ya mashine na bwalo akajenga ujia mpana wenye paa, na mabenchi ya mawe pande zote mbili, mdomo wake ukitazama kijiji na mlango wa mashine ukifungukia humo. Mwanafunzi hawezi kwenda kula bila kupita pale. Mwanamke wa kijijini hawezi kufika mashineni na ndoo yake ya uwele bila kupita pale. Watangoja pamoja, watakaa pamoja, na yule kijana anayesomea mipango ya vijiji atamwona mkulima ana kwa ana angalau kabla ya ugali. Njia moja, watu wote. Alikuwa anaipenda ramani ile. Alipotuonyesha aliiondolea vumbi kwa mtandio wake.

Mashine ikaanza kunguruma. Siku za mwanzo wanawake walikuja wengi. Kisha wakapungua, kisha wakakoma kabisa. Tukawaona wakipita mbali, kule korongoni, ndoo kichwani, wakienda kusagisha mjini kwa mguu. Kamati ikakaa. Wengine wakasema ni kelele, wengine wakasema wanawaogopa wanafunzi, na mmoja akasema watu wa huku hawapendi maendeleo. Kesho yake Msanifu akaja na karanga zake, akaketi kwenye benchi la ujia toka asubuhi, na mimi akaniamuru nikae naye kwa sababu Kigogo chake, lugha ya kijiji kile, kilikuwa cha sokoni tu.

Mama mmoja akaja, ana kiroba cha mtama. Akafika kwenye mdomo wa ujia, akasimama, akavuta kanga akafunika uso, akageuka upesi. Msanifu akamkimbilia.

"Shikamoo, mama. Mbona unarudi na mtama wako?"

"Marahaba. Mkwe wangu yuko pale."

"Wapi?"

"Pale, anayepiga randa. Kamwoa binti yangu. Nitapitaje mbele ya mkwe?"

"Si umsubiri kidogo aondoke?"

Yule mama akamtazama kwa huruma. "Ameajiriwa pale, mwanangu. Ataondoka lini?"

Ndivyo ilivyokuwa. Chuo kilikuwa kimeajiri vijana wa kijiji: maseremala, walinzi, watunza bustani, wapagazi wa jiko. Kijiji kile kilikuwa kimeoana chenyewe kwa chenyewe, hivyo karibu kila mama mwenye ndoo alikuwa na mkwe wake kwenye njia ile moja. Upande wetu mkwe hukutani naye uso kwa uso njiani. Unamkwepa, mmoja anaingia porini, mwingine anapita. Mimi mwenyewe mama mkwe wangu yuko Mlali, na nikienda huko nakohoa toka kwenye mkuyu wa kwanza ili apate nafasi ya kuingia ndani. Kamati ilikuwa imejaa watu kama mimi. Tulitazama ramani ile na kuipigia makofi, kwa sababu tulipokuwa tukitazama ramani tulikuwa wasomi, na ukwe tulikuwa tumeuacha nyumbani.

Msanifu aliona haya, na hakuificha. Alikaa tena kwenye benchi, akavua miwani. "Nimewajengea mtego," alisema. Siku ile hakutafuna tena.

Wiki iliyofuata alitoboa ukuta nyuma ya mashine akatia mlango mdogo, mfupi kidogo kwa mtu mrefu, na baada ya mlango akaweka kona, ili anayekuja achungulie kabla hajaonekana. Ukiona hapana mtu wa kumkwepa, unaendelea hadi kwenye mabenchi. Ukimwona, unangoja pale kwenye kona, ambako kuna jiwe la kukalia, au unampa msagaji mzigo wako na kurudi ulikotoka. Mafundi wakauita mlango wa mkwe. Wanawake wakarudi. Na ajabu ni kwamba waliporudi walikaa muda mrefu kuliko mwanzo, wakiwapigisha soga wanafunzi, wakiwauliza wanasomea nini na kwa nini hawaoi.

"Mtu hakai mahali ambapo hana pa kutokea," aliniambia Msanifu. Toka hapo kila jengo alilochora lilikuwa na mlango wa mkwe, hata maabara. Punde si punde milango hiyo haikuwa tena ya wakwe peke yao. Wanafunzi waliochelewesha kazi walipita huko, wahadhiri waliochelewesha kusahihisha walipita huko, na waliokosana walipishana huko. Aliniambia pia, mara moja, kwamba majengo mengine yote aliyatoa vitabuni. Mlango ule ndio aliouona mwenyewe.

Ndiyo maana ugomvi na Mkuu wa Chuo ulimuuma sana.

Mkuu huyu alikuja katikati ya kazi, kijana kwa umri wa wakuu, amerudi kutoka masomoni ng'ambo na suti nzuri. Hakuwa mtu mbaya. Balbu zilikuwa zinaibwa, kompyuta za kwanza zilikuwa njiani, na alitaka ukuta kuzunguka chuo chote, lango moja barabarani, walinzi wa kampuni. Ukuta kwenye mchoro wake ulipita nyuma ya mashine, ukaufunga mdomo wa ujia na ukaupitia mlango wa mkwe kama haupo. Msanifu aliuona kwenye kikao, mbele ya watu wote.

"Mkuu," alisema, "wewe hutaki ukuta. Unataka lango, upigiwe saluti."

Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, kalamu mkononi. Mkuu alingoja kicheko kiishe.

"Mama," akasema kwa upole, "mimi nimewahi kupita Area D. Nimeona chupa zako."

Msanifu alikunja ramani zake moja moja, akazitia kwapani, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilimwonea huruma sana, kwa sababu alichoambiwa kilikuwa kweli, na kila mtu pale alikuwa amewahi kuliwaza jambo hilo hilo. Hakujitetea siku ile wala siku nyingine yoyote.

Baada ya hapo hawakusemeshana. Alikuwa bado anatujengea maktaba, karibu na barabara, kwa hiyo ilimbidi aje, na Mkuu ilimbidi awepo. Mimi nikawa mdomo wao. "Mwambie mama saruji imefika," anasema Mkuu, naye mama amesimama hatua chache tu kutoka pale. "Mwambie Mkuu nimeiona," anajibu mama. Mkuu alikuwa mdogo kwa umri, na kwa miaka yote hiyo shikamoo yake haikutoka. Wafanyakazi walizoea, wakawa wanapanga vikao viwili kwa jambo moja.

Ukuta ukaanza kupanda. Msanifu aliacha kwenda upande wa mashine kabisa. Alikuwa anaegesha pikapu kando ya maktaba na kuniuliza ukuta umefika wapi, nami namwambia umefika bustanini, umefika bwaloni. Mtu aliyekuwa akiwakaripia wahandisi hadharani alikuwa anauliza kwa sauti ndogo. Siku niliyomwambia umepita nyuma ya mashine, alishika mlango wa gari.

"Nenda kaangalie," alisema. "Mimi siendi. Naogopa."

Nikaenda. Mdomo wa ujia mpana ulikuwa umezibwa kwa tofali hadi juu. Lakini mbele ya mlango wa mkwe mafundi walikuwa wameacha uwazi ukutani, na kwenye uwazi wametia kimlango cha bati chenye komeo la ndani, limefunguliwa. Akina mama wawili walikuwa wanaingia na ndoo. Nilirudi nikamwambia. Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ni wewe uliyesema waache," alisema.

"Si mimi, mama. Kwenye mchoro haumo."

"Ni wewe."

Hakuniamini. Niliwauliza mafundi, wakasema waliagizwa. Na nani? Wakasema kwani mwalimu hujui. Toka siku ile Msanifu alinisalimia kwa uchangamfu ambao sikuustahili, na sikuwa na namna ya kuukataa. Karanga hakunipa.

Miaka ikapita. Maktaba ikaisha, Mkuu akastaafu, wakaja wengine, soketi zikaongezwa. Kikundi cha akina mama wa kijijini kikaichukua mashine. Nilimwona Msanifu mara chache tu mjini, mara zote kwa mbali, mara zote anaondoka.

Mara ya mwisho tuliyozungumza ilikuwa siku ya mahafali. Chuo kiliwaalika waliokijenga, na yeye alikuja, koti lile lile, amekonda zaidi, anatembea akigusa kuta. Alikaa kiti cha pembeni. Mgeni rasmi alipofungua faili la hotuba, Msanifu akanigusa bega. Nikamchukulia mkoba wake, tukatoka polepole hadi kwenye ujia, tukapita mabenchi, tukaelekea kwenye mlango wa mkwe. Kona ile ilijengwa ili mtu achungulie kwanza, lakini macho yake yalikuwa yamechoka, na macho ya mzee aliyekuwa amekaa pale kwenye jiwe, fimbo mapajani, yalikuwa yamechoka vilevile. Walikuwa wamekaribiana kabisa kabla hawajatambuana.

Alikuwa Mkuu wetu wa zamani. Alisimama kwa shida. Nafasi pale ni ya mtu mmoja, mwingine lazima arudi nyuma, na hakuna aliyerudi.

"Shikamoo, mama," alisema.

Vipaza sauti vilikuwa vinaleta hotuba hadi pale.

"Marahaba," akasema. "Unakimbia hotuba?"

"Nakimbia, mama. Nimetoa nyingi, nazijua."

"Wewe si wa lango?"

Mkuu akacheka kidogo, akapiga bati la kimlango kwa fimbo. "Huu niliuacha mimi. Niliwaambia mafundi wasiseme."

Msanifu akanigeukia mimi, akanitazama kama mtu anayedai salamu zake zirudishwe. Kisha akamrudia. "Kwa nini?"

"Ukishafika maktaba ulikuwa kati yangu na lango. Ningetokaje?" Alisema bila kuona haya. "Kila siku uliyokuja, mimi nilipita hapa."

Nilitegemea atamkata kwa neno, kwa kuwa hilo aliliweza. Badala yake alitia mkono kwenye mfuko wa kushoto, akatoa karanga, akamimina nusu kwenye kiganja cha Mkuu bila kumuuliza kama anataka. Mkuu alizipokea kwa mikono miwili, fimbo kwapani.

"Na zile chupa," akasema Mkuu baada ya kutafuna, safari hii kwa sauti ya mtu anayeuliza. "Bado zipo?"

"Zipo. Ukija, usigonge geti, sifungui. Zunguka nyuma, upande wa jirani. Kuna mlango mdogo, siku zote uko wazi. Sukuma tu uingie."

Wakaketi kwenye lile jiwe, wamebanana. Mimi nilibaki nimesimama na mkoba mkononi, nikilikumbuka lile jiwe la kugongea geti, na jua la Area D, na mbwa, na jinsi miaka yote ile sikuwahi kufikiria kuzunguka.